Madoa Meusi Katika Majani ya Migomba

Mkungu wa matoke hujazwa na majani. Majani yakifa mapema, ndizi hubaki nyembamba na kuiva kabla ya wakati wake. Nazo nyumba nyingi za Masha, Nakivale na Mbarara hutegemea mkungu huo kwa mlo wa jioni.

Ndugu msomaji, geuza jani utazame upande wa chini. Ukiona vijistari vya kahawia, ambavyo baadaye huwa madoa meusi yenye kitovu cha kijivu na ukingo wa njano, hiyo ni sigatoka nyeusi. Huletwa na kuvu iliyotambuliwa Fiji mwaka 1963, nayo ilionekana Pemba mwaka 1987. Vimbegu vyake huchukuliwa na upepo, vikaota juu ya jani lenye unyevu.

Usiichanganye na mnyauko: huo hulegeza mgomba mzima, na shina likikatwa hutoka utomvu wa njano kama usaha.

Kinga ni hii. Kata sehemu zilizokauka, uzifukie. Lakini usiyamalize majani, kwani mgomba unaochanua wahitaji yapatayo 8 mazima. Kila shimo liachiwe mama, mwana na mjukuu tu. Mashimo yaachane mita 3, upepo upite. Tia samadi. Mgomba wa Kiwangaazi, uliotolewa nchini mwaka 2010, huustahimili ugonjwa huu.

Maua ya makopo barazani nayo yafuate kanuni iyo hiyo: maji yamwagwe udongoni, wala si juu ya majani.