Usaili wa Kazi: Kutoa Ushahidi Si Kujisifu



Wahenga wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imetulea vyema. Imetufundisha kwamba muungwana hajitangazi. Watu humjua kwa vitendo vyake, nao ndio wanaomsifu. Hata hivyo, katika chumba cha usaili hapa Uingereza, methali hiyo hiyo yaweza kumkosesha kazi mtu aliyeistahiki. Yafaa kila nyumba ielewe sababu yake kabla kijana, mama au baba hajaitwa kusailiwa.

Jinsi alama zinavyotolewa

Tuchukue mfano wa kazi ya msaidizi wa wauguzi katika hospitali za NHS. Tangazo la kazi hiyo huambatana na orodha ya sifa zinazotakiwa: zile za lazima, na zile ambazo kuwa nazo ni nyongeza. Maswali ya usaili hutungwa kutokana na orodha hiyo. Siku yenyewe, mwombaji hukaa mbele ya jopo, mara nyingi watu wawili au watatu, na kila jibu hupewa alama. Waombaji wote huulizwa maswali yale yale ili wapimwe kwa mizani moja.

Wasaili hawa hawamjui mtu wala ukoo wake. Hawakuwapo alipokuwa akimwuguza mgonjwa usiku kucha. Alama wanazitoa kwa yale waliyoyasikia, na jambo jema lisilotamkwa haliingii katika karatasi zao.

Hapo ndipo adabu yetu inapofasiriwa visivyo. Sisi tukisimulia kazi tuliyoifanya, husema “tulifanya”, hata kama aliyeifanya ni mmoja. Msaili akisikia hivyo hujiuliza: huyu mwenyewe alifanya nini? Tukizungumza na mkubwa huinamisha macho kwa heshima. Baadhi ya wasaili huona kwamba mtu anaficha jambo. Tukiambiwa, “Tueleze habari zako,” huanza na mji tuliozaliwa, wazazi na idadi ya watoto, ilhali wanachokitaka ni kazi tulizozifanya, ujuzi tulionao, na sababu ya kuitaka kazi ile.

Mfano wa Nabii Yusuf

Wako wanaoona haya kutaja mazuri yao kwa kuchelea majivuno. Na watazame kisa cha Nabii Yusuf, alayhis-salaam, katika Sura inayoitwa kwa jina lake, aya ya 55. Alipokuwa mbele ya mfalme, aliomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi, akataja sifa mbili zilizohusu kazi hiyo: kwamba ni mhifadhi, na kwamba ana ujuzi. Alitaja yaliyohitajika na yaliyokuwa kweli. Hiki ndicho kipimo chetu. Anayejivuna hujitukuza kwa asiyokuwa nayo, au kwa yasiyohusu kazi. Shahidi husema alichokifanya, wala hazidishi.

Jinsi ya kulipanga jibu

Maswali mengi huanza hivi: “Tupe mfano wa wakati ambapo…” Jibu zuri lina sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichokifanya wewe, na matokeo yake. Sehemu ya tatu ndiyo iwe ndefu kuliko zote.

Tuseme mama mmoja hajapata kuajiriwa, lakini amemtunza mama mkwe wake kwa miaka. Akiulizwa kuhusu uvumilivu, asiseme tu, “Mimi ni mvumilivu sana.” Aseme: “Mama mkwe wangu alikataa kumeza dawa zake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa. Sikumlazimisha, nilikaa naye nikamwuliza sababu, nikatambua kuwa vidonge vilikuwa vikubwa na vikimkaba. Nilimpigia simu mfamasia, naye akawasiliana na daktari, akaandikiwa dawa ya maji. Tangu siku ile hakuikataa tena.” Jibu hili halina sifa hata moja, na kila asikiaye anaiona subira, busara na uangalifu wa mama huyu.

Basi kazi isiyo na mshahara msiidharau. Aliyefundisha madrasa amezoea kuongoza watoto. Aliyeshika fedha za chama cha mazishi ametunza amana na hesabu. Chukueni ile orodha ya sifa, na mbele ya kila sifa ya lazima andikeni tukio moja la kweli. Kisha fanyeni mazoezi nyumbani kwa sauti, kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma hapa na awe msaili. Baba asione unyonge kuulizwa maswali na bintiye, na binti naye amsahihishe kwa adabu. Lakini majibu yasikaririwe neno kwa neno, kwani swali likigeuzwa kidogo mtu hupotea.

Siku yenyewe

Soma barua ya mwito na uandae kila karatasi iliyotajwa. Mwajiri analazimika kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi nchini. Mwenye viza ya kielektroniki huchukua katika tovuti ya serikali namba maalumu ya kumpa mwajiri, ambayo hudumu siku 90. Vyeti vya ng’ambo, kama mwajiri anataka kujua uzito wake, hulinganishwa na UK ENIC, chombo kilichoshika nafasi ya NARIC mwaka 2021.

Usipolisikia swali, omba lirudiwe. Hilo si kosa. Nyamaza kidogo ufikiri kabla ya kujibu. Asiyetaka kupeana mkono na asiyekuwa maharimu wake aweke mkono kifuani, atabasamu, na aeleze kwa neno moja la upole. Mwisho wakikuuliza kama una swali, usiseme huna. Uliza mafunzo ya mwanzo yatakuwaje, au zamu hupangwaje.

Jueni pia haki zenu. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamkataza mwajiri kumbagua mwombaji kwa sababu ya dini, asili, umri, ulemavu au ujauzito. Sheria hiyo hiyo kwa kawaida haimruhusu kuuliza habari za afya yako kabla hajakupa kazi, isipokuwa kwa mambo machache, kama vile uwezo wa kutenda jambo ambalo ndilo kiini cha kazi yenyewe.

Na ukikosa, andika barua fupi ya shukrani na uombe kuelezwa ni jibu lipi lililopungukiwa. Wengi hukasirika wakanyamaza, na usaili unaofuata wakarudia yale yale. Aliyeelezwa kwamba hakutoa mifano ya kutosha anajua pa kuanzia kabla ya usaili mwingine.

Mwenyezi Mungu atufungulie sote milango ya riziki ya halali. Wassalaam.