Habu ya USB Ilivyonipotezea Orodha ya Oda

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni! Somo la leo mimi nimeshalilipia, nyie chukueni bure.

Nauza madera na vijora. Laptopu yangu ni ya zamani, ina matundu mawili tu ya USB. Moja lina printa ya lebo. La pili nikachomeka habu, kile kidude kinachogeuza tundu moja kuwa manne. Nikajaza: diski ya nje yenye picha na orodha ya oda, ringi laiti, simu inachaji, na mausi. Nikajiona nimemaliza kazi.

Ijumaa jioni nina oda 14 za mikoani, mabasi yanaondoka alfajiri. Nikiwa nahamisha picha, diski ikaanza kulia tik-tik, ikapotea kwenye skrini. Ikarudi, ikapotea tena. Kufungua orodha ya oda, faili limeharibika! Nilikesha nikikusanya majina na saizi upya kutoka WhatsApp na meseji za malipo. Na bado mteja wa Dodoma akapokea dera la mtu wa Singida. Faida yote ikaishia kwenye nauli ya kurudisha na kutuma upya.

Kumbe shida ni umeme. Habu inaongeza matundu, haiongezi umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500. La USB 3.0, ambalo mara nyingi ni la bluu kwa ndani, hutoa 900. Ringi laiti yangu imeandikwa 5V 2A, yaani yenyewe tu inataka 2,000! Ni kama nyumba nne kukinga maji bomba moja: kuna atakayeambulia matone. Kwangu ilikuwa diski.

Sasa nafanya hivi:

1. Ringi laiti na simu nachaji ukutani. Simu naiunganisha na laptopu wakati wa kuhamisha picha tu.
2. Diski ya nje naichomeka kwenye laptopu moja kwa moja.
3. Mausi na printa ndiyo vinakaa kwenye habu. Printa yangu ina waya wake wa ukutani, hivyo hainyonyi laptopu.
4. Ukiwa na vitu vingi vinavyokula umeme, nunua habu yenye adapta yake ya ukutani.
5. Usichomoe diski ghafla. Itoe kwanza kwenye kompyuta, ndipo uvute waya.
6. Kila jioni naweka nakala ya orodha ya oda Google Drive.

Mteja hajui habu ni nini. Anachojua ni kwamba dera lake halijafika. Kwa hiyo leo kabla hujachomeka kitu, kigeuze usome kimeandikwa A ngapi.

Mtumie na muuzaji mwenzako, yasimkute ya kwangu.