Nani Atawaleta Mabepari wa Venisi Butiama?

Kila mchezo wa zamani unapofufuliwa, wapenzi wake hugawanyika. Wapo wanaotaka urudi vilevile, wimbo kwa wimbo, vazi kwa vazi. Wapo wanaouliza: kama hakuna jipya, mmetuitia nini?

Mjadala huo ulisikika dunia nzima mwaka 2019, Disney ilipoitoa upya The Lion King, ile hadithi ya familia yenye nyimbo iliyoanza kama filamu ya katuni mwaka 1994. Safari hii simba walichorwa kwa kompyuta hadi ukadhani wamepigwa picha mbugani. Matukio mengi yaliachwa yalivyokuwa, na James Earl Jones akarudi kuwa sauti ya Mufasa. Bado wengi waliokua na filamu ya kwanza walilalamika kwamba nyuso za wanyama zimekuwa halisi mno kiasi cha kukosa kicheko na machozi. Wengine wakajibu kwamba kugusa zaidi ya pale kungekuwa kufuru.

Sisi wa Mara tuna haki ya kutia neno. Ukitoka Musoma kwenda Mwanza, ukishaupita mji wa Bunda unafika lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Watoto wa huku wamewaona Simba, Rafiki na Pumbaa kwenye televisheni na kwenye vibanda umiza, wakacheka na majina ambayo hayakuhitaji kufafanuliwa na mtu. Kuwaona jukwaani ni jambo jingine. Hadithi inayobeba majina ya Kiswahili na nyika kama yetu imezunguka majukwaa ya dunia tangu 1997, na kwetu imebaki kitu cha kwenye kioo.

Onyesho hilo la 1997 lina somo kubwa kuliko filamu zote mbili. Julie Taymor, aliyeliongoza New York, hakunakili katuni. Waigizaji aliwavika vinyago vinavyokaa juu ya kichwa, sura zao wenyewe zikiwa wazi, hivyo mtazamaji anamwona simba na mtu kwa wakati mmoja. Rafiki, ambaye katika filamu ni dume, akageuzwa mwanamke, na nafasi hiyo ikachukuliwa na Tsidii Le Loka wa Afrika Kusini. Lebo M, mtunzi kutoka nchi hiyohiyo, akaingiza kwaya zinazoimba Kizulu na lugha nyingine za kwao. Mwaka uliofuata Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Tony kwa kuongoza mchezo wa muziki, na onyesho lake bado linajaza ukumbi. Kwa hiyo aliyethubutu kubadili alipendwa, na waliofuata nyayo kwa uangalifu ndio waliolaumiwa. Kwangu mimi, hapo kundi la pili limeshinda.

Kuna jambo jingine katika hadithi ile linalotuhusu zaidi. Baba mdogo anamuua kaka yake aliye mfalme, kisha kijana anatokewa na baba yake aliyekufa: hiyo ni mifupa ya Hamlet wa Shakespeare. Na Shakespeare, katika Kiswahili, ana nyumba yake Butiama.

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akaanza darasa la kwanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mwaka 1963, akiwa Rais, Oxford University Press ilichapa tafsiri yake ya Julius Caezar. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Wengi wanazikumbuka tarehe hizo mbili na kusahau kwamba mwaka huohuo wa 1969 alikitoa tena kitabu chake cha kwanza, kikiwa kimerekebishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa mkuu wa nchi, kazi yake ilikuwa imeshasifiwa, na baada ya miaka sita akakaa chini kuifumua mistari yake mwenyewe.

Ndiyo maana nashindwa kukubaliana na wanaosema maandishi ya Mwalimu yasiguswe. Mwenyewe aliyagusa.

Ningependa basi tufufue kitu cha kwetu, na kiwe mchezo wa muziki wa kutazamwa na familia nzima, bibi na mjukuu wakiwa kwenye mkeka mmoja. Chaguo langu ni Mabepari wa Venisi. Najua kuna watakaomtaka Kaizari kwa sababu ya hotuba zake. Kaizari ni mchezo wa wanaume na majambia, nusu ya pili yote ni vita, na mtoto wa miaka tisa atalala kabla Brutus hajafa. Mabepari una makasha matatu, ya dhahabu, ya fedha na ya risasi, na wachumba wanaokuja mmoja mmoja kubahatisha ni lipi lenye picha ya binti. Una wasichana wanaojivika mavazi ya kiume na kwenda mahakamani kuwashinda wazee kwa hoja. Una vituko vya pete mwishoni, ambapo mabwana wawili wanabanwa na wake zao mpaka jasho linawatoka. Muziki pia haulazimishwi, kwa kuwa Shakespeare mwenyewe aliweka wimbo pale mchumba Bassanio anapochagua kasha, na sehemu ya mwisho inafunguka kwa wapenzi wawili kukaa chini ya mbalamwezi wakisikiliza wapiga muziki.

Halafu kuna mambo yanayogusa maisha ya huku moja kwa moja. Antonio ni mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko majini. Mwambie hivyo mama anayenunua dagaa Mwigobero, au mwenye mtumbwi wa sangara anayetazama wingu likitoka upande wa ziwa, hutahitaji kumweleza kwa nini Antonio amenuna tangu mstari wa kwanza. Anakopa ducati 3,000 kwa ajili ya rafiki yake, dhamana yake ni ratili moja ya nyama ya mwili wake, na siku ya kulipa inamkuta vyombo havijarudi. Tanzania ya leo ina jina la mkopo wa namna hiyo. Tunauita kausha damu. Kinamama wamenyang'anywa makochi, majiko na televisheni kwa mikopo ya wiki chache, na baadhi ya ndoa zimevunjika kwa siri ya deni. Shakespeare aliyaandika hayo mwishoni mwa karne ya 16, Mwalimu akayaleta kwetu miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na leo yanaingia ndani ya nyumba zetu bila hodi.

Portia, yule binti wa makasha, naye ana kesi inayoeleweka Mara. Baba yake ameshafariki, lakini wosia wake ndio unaoamua aolewe na nani: atakayepatia kasha ndiye mume, na binti hana sauti. Katika mkoa ambao bado unabishana kuhusu mahari ya ng'ombe, ukeketaji na umri wa binti kuolewa, hilo ni jambo la kuzungumzwa nyumbani baada ya onyesho, na litazungumzwa.

Sasa niguse lililo gumu. Shylock, mkopeshaji, ni Myahudi, na mchezo unamtukana kwa Uyahudi wake tangu mwanzo hadi mwisho. Uingereza ya Shakespeare ilikuwa imewafukuza Wayahudi tangu 1290, na katika Ujerumani ya Hitler mchezo huu uliwekwa jukwaani kuchochea chuki. Mbele ya watoto hatuwezi kujifanya hatujui hayo. Kundi la kwanza, lile la vilevile, lingetaka watazamaji wamzomee kama zamani. Nakataa. Kuna waongozaji waliojaribu kufuta kila neno baya, wakabaki na mkopeshaji asiye na kabila wala dini, na hapo mchezo unakosa maumivu yake, kwa sababu hasira ya Shylock inatokana na kutemewa mate na watu haohao wanaokuja kumkopa.

Mwalimu aliacha mlango wazi. Jina alilokipa kitabu ni la wengi: mabepari, si bepari mmoja. Antonio na marafiki zake wamo ndani ya shutuma hiyo, na mwongozaji anayeanzia hapo hatampa mtoto nafasi ya kutoka akidhani ubaya una dini yake. Yale maneno Shylock anapouliza kama Myahudi hatoki damu akichomwa yasemwe taratibu, ala zote zikiwa kimya. Na mwisho wa kesi, anapoamriwa kuacha dini yake, kwaya isishangilie. Mara ni mkoa wa Wakatoliki, Wasabato, Wamenoni walioingia Shirati mwaka 1934, Waislamu, na wanaofuata mila za mababu. Kila mtu pale uwanjani ataelewa maana ya kulazimishwa kubadili imani, na ukimya utamfikia.

Nasema kwaya kwa makusudi. Anayedai kwamba hatuna waimbaji wa kubeba mchezo wa muziki hajapita Musoma Jumamosi asubuhi wala Jumapili. Sauti nne zinaimbwa na watu wanaouza nguo mitumbani na wanaofundisha shule za kata. Upande wa ala tuna litungu la Wakurya, nyuzi nane na mlio mzito ambao ukiusikia mara moja huusahau. Mistari ya Mwalimu haina vina, wala haikuandikwa kuimbwa kama shairi la mapokeo. Inatembea kama mtu mzima anayezungumza kwa utulivu. Kwa hiyo isilazimishwe kuwa nyimbo. Izungumzwe ilivyo, litungu likiitangulia na kuifuata, na nyimbo mpya ziwekwe katikati: wimbo wa makasha, wimbo wa habari za vyombo vilivyozama, wimbo wa wasichana wakivaa kanzu za mawakili.

Wimbo uwe wa lugha gani? Hapa najua nitagombana na watu ninaowaheshimu. Wapo watakaosema kumtia Mwalimu Kijita na Kikurya ni kuvunja alichokijenga. Naona kinyume. Siku moja baada ya kuwa Jamhuri, Desemba 10, 1962, alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, huku akisikitika kwamba tulifunzwa ngoma za wageni na kuona haya kucheza zetu. Mazungumzo yabaki katika Kiswahili chake, viitikio viimbwe Kizanaki, Kijita, Kiikizu na Kikurya. Lebo M alifanya hivyo kwa simba, na hakuna aliyetoka ukumbini akidai hakuelewa hadithi.

Jirani zetu Kenya walipitia haya ya kufufua mchezo kwa kazi nzito zaidi. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii uliojaa nyimbo, ulichezwa mwaka 1977 na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Serikali ikaupiga marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o akafungwa, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Mei 2022 mchezo ukarudi, safari hii katika Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, ukiongozwa na Mwingereza Stuart Nash. Nilifurahi kwamba ulirudi. Lakini kazi iliyotungwa pamoja na wakulima na vibarua, ambao walirekebisha mistari na kuleta nyimbo zao, haikamiliki ikichezwa mbele ya wenye tiketi za mjini peke yao. Hilo ndilo tusilirudie. Tukianza Dar es Salaam, Butiama itakuwa jina tu kwenye tangazo.

Kwamba Shakespeare wa Kiswahili anaweza kusimama mbele ya yeyote, hilo limeshathibitishwa. Mwaka 2012, katika tamasha la ukumbi wa Globe, London, lililokusanya michezo yake kwa lugha za dunia, kundi la Afrika Mashariki lilicheza Wanawake wa Heri wa Winsa, na Falstaff alikuwa Mrisho Mpoto wetu. Wazungu waliokuwa hawajui neno la Kiswahili walicheka.

Kuna hatua ambazo mapenzi peke yake hayazimalizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na Mwalimu alifariki Oktoba 14, 1999. Kwa hiyo hakuna kikundi kinachoweza kuchukua kitabu, kukitia nyimbo na kukata tiketi bila ruhusa ya wenye haki. Hilo lifanywe kwanza, kwa adabu, kabla mtu hajashona vazi.

Baada ya ruhusa, ningependa usiku wa kwanza uwe Butiama, hadharani, karibu na Makumbusho ya Mwalimu, kabla ya Bunda na Musoma. Kiingilio kiwe cha kaya, si cha kichwa, maana kiingilio cha kichwa humbakiza nyumbani mtoto wa mwisho na bibi. Portia atafutwe kwenye shule za sekondari za wilaya hizi tatu, achaguliwe kwa uwezo wa kulibeba shairi lisilo na vina bila kuliimba. Shylock awe mtu mzima aliyewahi kudai na kudaiwa. Na mazoezi yafanyike mahali palipo wazi, jioni, ili wauza dagaa wakitoka sokoni wasimame, wasikilize, wakosoe, na mwongozaji awe na daftari la kuandika wanachosema.