Unasafiri na mtoto kwenda Dar es Salaam wakati wa masika? Beba hivi

Masika jijini Dar es Salaam ni kati ya Machi na Mei. Mvua zikizidi, madimbwi hujaa, mbu huongezeka, na maji ya vyoo na mitaro huweza kuchanganyika na maji ya kunywa. Mtoto anayetoka sehemu za baridi kama Njombe, ambako malaria ni chache, mwili wake haujaizoea. Akiugua anaweza kuzidiwa haraka.

Kuzuia mbu

- Chandarua chenye dawa. Beba chako, usitegemee cha mwenyeji. Kama una ujauzito, nawe lala ndani ya chandarua.
- Nguo nyepesi za mikono mirefu na suruali. Mbu wa malaria huuma usiku, lakini wa homa ya dengue huuma mchana.
- Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Usimpake mtoto wa chini ya miezi 2, wala usipake mikononi, machoni au mdomoni.

Kuzuia na kutibu kuhara

- Chupa au chombo safi chenye mfuniko cha kuwekea maji yaliyochemshwa, pamoja na sabuni. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu, hata kama kuna joto.
- Pakiti za ORS. Changanya na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Yakibaki baada ya saa 24, mwaga.
- Vidonge vya zinki. Mtoto anayehara hupewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Muulize mhudumu wa afya kipimo cha umri wake.

Vingine

Beba kadi ya kliniki, dawa anazotumia kila siku, koti la mvua na mabuti. Nguo za kubadilisha ziweke kwenye mfuko wa plastiki zisilowe. Sweta moja linatosha, maana jiji lina joto hata mvua ikinyesha. Usimruhusu mtoto kucheza kwenye maji ya mafuriko.

Mpeleke kituo cha afya mara moja akiwa:

- ana homa
- hawezi kunyonya au kunywa
- anatapika kila kitu
- ana degedege au amelegea sana
- anaharisha damu, au macho yamedidimia

Paracetamol hushusha homa lakini haitibu malaria. Mtoto apimwe kwanza.

Mkisharudi nyumbani

Dalili za malaria huweza kuanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto anaweza kurudi mzima, kisha akapata homa wiki mbili baadaye, na nyumbani wote wakadhani ni mafua ya baridi. Usisubiri. Mpeleke akapimwe, na mwambie mhudumu: "Tulikuwa Dar es Salaam." Maneno hayo yanaweza kumfanya mtoto atibiwe mapema.