Rochester: Mtumishi Aliyemshinda Bwana kwa Ulimi

Nani katika sisi asiyezijua hadithi za Abunuwasi, mtu asiye na cheo aliyewashinda wakubwa kwa ulimi wake? Marekani nako, zama za redio, walikuwa na Abunuwasi wao. Jina lake ni Eddie Anderson, lakini mamilioni ya wasikilizaji walimjua kwa jina moja tu: Rochester.

Anderson, Mmarekani mweusi, alizaliwa Oakland, California, mwaka 1905. Babake alikuwa mchezaji wa majukwaani na mamake alitembea juu ya kamba katika sarakasi. Utotoni aliuza magazeti barabarani huko San Francisco, akipaza sauti ili awashinde wenzake, hata koo likaharibika. Sauti ikabaki ya kukwaruza maisha yake yote. Ajabu ni kwamba kilema hicho ndicho kilichomtajirisha.

Mwezi wa Machi 1937 aliitwa katika kipindi cha redio cha Jack Benny, aigize mtumishi wa behewa la kulala katika garimoshi. Ilikuwa kazi ya siku moja. Wasikilizaji walimpenda mno, akaitwa tena, na punde akafanywa Rochester, mtumishi wa nyumbani kwa Benny. Hivyo akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa na nafasi ya kudumu katika kipindi kilichosikika Marekani nzima.

Mzaha wenyewe ulikuwa hivi. Benny aliigiza bwana bahili, mwingi wa kujisifu. Rochester ndiye aliyepika, akafua, akaendesha gari kuukuu, kwa mshahara haba. Lakini kila bwana alipojikweza, mtumishi alimshusha kwa neno moja, na watu wakamcheka bwana.

Hata hivyo si wote waliopendezwa. Weusi wenzake walilalamika kwamba Rochester alionyeshwa kuwa mlevi na mcheza kamari, na baada ya Vita Vikuu vya Pili Benny aliuacha mzaha wa namna hiyo. Kwa upande wa pili, mwaka 1945 mji wa Memphis uliipiga marufuku senema ya Brewster's Millions, kwa kuwa humo Anderson, akiigiza mtumishi, alizungumza na wazungu kama mtu na mwenziwe. Basi akawa kama ngoma, hupigwa huku na huku.

Nje ya mchezo, Anderson hakuwa mtumishi wa mtu. Mwaka 1942 alitia fedha zake katika kiwanda cha parashuti mjini San Diego, kilichoongozwa na mtu mweusi. Aliendelea na Benny redioni hata 1955, kisha katika televisheni hata 1965.

Alifariki Februari 1977. Nyumba yake kubwa mjini Los Angeles baadaye ilifanywa makao ya watu wanaojitoa katika ulevi na madawa ya kulevya. Yule aliyeitwa mlevi redioni, nyumba yake ikawa kimbilio la walevi wenye kutubu.