Kuku ana chanjo, paka je?

Ingia nyumba yoyote ya Nkuhungu au Chang'ombe hapa Dodoma yenye kuku uani, uulizie kideri. Utajibiwa papo hapo: tone la chanjo jichoni, kisha rudia baada ya miezi mitatu. Ng'ombe naye huchanjwa homa ya mapafu. Paka, mlinzi wa gunia la mahindi ya Kibaigwa, anayelala kitanda kimoja na watoto, hana ratiba yoyote.

Kipaka mchangamfu ghafla hataki kula. Anatapika, anaharisha, anainamia bakuli la maji asinywe. Siku mbili tatu amekufa. Jirani anashukiwa kutega sumu ya panya. Analetwa mwingine, naye anakufa, na maneno yanaanza kwamba nyumba ile haikai paka. Sumu ipo, sikatai. Lakini vipaka wakifuatana kufa hivyo, mchawi wa kushukiwa kwanza ni kirusi cha panleukopenia, ndugu wa parvo ya mbwa. Hushambulia utumbo, humaliza chembe nyeupe za damu, na huweza kubaki sakafuni hadi mwaka mzima kikimngoja mgeni. Sabuni peke yake haikiui, klorini hukiua.

Chanjo yake huja katika sindano moja pamoja na ya virusi viwili vya mafua ya paka, herpesi na kalisi. Huanza kipaka akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Wengi huishia sindano ya kwanza, wakiamini zinazofuata ni za kuwala fedha. Sivyo. Kinga aliyoinyonya kwenye dang'a la mama yake huweza kuizima chanjo, na muda wa kuisha kwake hutofautiana kati ya kipaka na kipaka.

Halafu kichaa cha mbwa, ambacho paka hukipata akiumwa na mnyama mgonjwa. Huchanjwa kuanzia wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka. Kama fedha inatosha sindano moja tu, mimi ningeanza na hii, kwa sababu inawakinga watoto pia. Zikitangazwa siku za kuchanja mbwa, muulize ofisa mifugo wa kata kama paka pia wanapokewa, kisha umpeleke wako ndani ya kapu lenye kifuniko.

Paka au mbwa akimng'ata mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwahishe hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, hakuna dawa.