Watoto na Chungu cha Maharagwe

Wazazi wapenzi, twawasihi msiwafukuze watoto jikoni, wala msiwafunze binti peke yao. Maana mama auguapo, mvulana naye huona njaa. Na tuanze na maharagwe. Mtoto ayachague, ayaloweke usiku kucha, amwage maji yale, kisha ayatokose kwa maji mapya. Tena aambiwe sababu: maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu, hata punje 5 zaweza kumtapisha mtu. Moto mdogo hauiondoi sumu hiyo. Sharti kwanza yachemke kwa nguvu dakika 30, ndipo yaachwe polepole hata yalainike. Mtoto ajuaye hayo aweza kuwalisha wadogo zake siku wazazi wasipokuwapo, nasi tusiwe na hofu.